Mbegu Zinazosema

Sitaki mtu anisimulie habari za Kétsia Kasika kana kwamba mimi simjui. Namjua kuliko wote hapa Kashebere. Mimi ndiye niliyemfundisha kufuga kuku wa nyama. Alipofika alikuwa hajui hata kwamba kifaranga wa siku moja hufa kwa baridi usipomwekea jiko la makaa. Kwao Mpofi kuku hulala juu ya mti, hujitafutia chakula mwenyewe, na siku ya mgeni hukimbizwa na nyumba nzima. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa si ya kusikia. Hayanipendezi, lakini nilishayasema mara moja mbele ya parokia nzima, na sikufa.

Mimi ni Adrienne Kahindo, mzaliwa wa Butembo. Mume wangu Paul ana lori, na lori ndilo lililotuleta huku miaka kumi na minne iliyopita. Tulifungua duka kando ya barabara, tukauza chumvi, sabuni na samaki wakavu. Kuku wa nyama nilianza mimi. Kabla yangu hapakuwa na mtu hapa aliyewahi kuwaona. Paul aliniletea vifaranga kutoka Goma ndani ya katoni zenye matundu, pamoja na mifuko ya chakula chao, na baada ya wiki sita nikatoa kuku weupe wenye vifua vinene. Kwa arusi walikuja kwangu. Kwa ubatizo walikuja kwangu. Hata wakubwa wakifanya mkutano walikuja kwangu. Watu wakaacha kuniita Mama Adrienne, wakaniita Mama Kuku. Paul alinitania kwa jina hilo nami nilijifanya kununa, lakini mteja akiliita dukani nilimwongezea chumvi kidogo.

Kétsia alifika mwaka juzi na watu waliokimbia risasi za upande wa Mpofi. Wengine walibeba sufuria na magodoro. Yeye alimshika mkono mama mkwe wake kipofu, na kichwani alikuwa na mfuko wa mbegu. Nilizichungulia. Zilikuwa kubwa kama ncha ya kidole gumba, nyingine nyeupe, nyingine nyeusi, zinang'aa. Zilikuwa mukuna. Ni jamaa ya upupu, ila hii ya shambani haiwashi. Wagronomu, yaani mabwana shamba, waliwagawia watu wa huko waipande ifunike udongo na kuua majani mabaya. Hakuna aliyesema iliwe. Ni chungu, na inamtapisha mtu. Nikacheka moyoni: huyu anakimbia kifo, na alichookoa ni kitu ambacho hata panya hakigusi.

Mume wake, Trésor, alikuwa Omate akichimba dhahabu, na salamu zake zilikuja mara moja kwa mwaka kama zilikumbuka. Kwa hiyo Kétsia akaja kuniomba kazi. Nikampa ya kunyonyoa manyoya, na kwa kweli aliiweza. Kisha nikamfundisha mengine: kubadilisha maranda, kuosha vyombo vya maji, kusikiliza sauti ya vifaranga ujue kama wana baridi au wana njaa. Hakuuliza maswali mengi. Aliangalia tu. Watu wa namna hiyo ndio wa kuogopa, lakini wakati ule sikuwa najua.

Katika kila kundi la vifaranga hubaki wachache wasiokua. Huyu ana mguu uliopinda, yule shingo imelegea, mwingine anasinzia tu kona. Kawaida nawatupia mbwa. Siku moja nilijisikia mwema, nikaweka kumi kati yao ndani ya katoni nikampa.

"Chukua hizi," nikamwambia. "Utamupikia mama mukwe supu."

"Aksanti, Mama Adrienne." Akapiga goti kidogo, akaishika katoni kwa mikono miwili.

Nililala vizuri siku hiyo, nikijipongeza kwa moyo wangu mkubwa.

Wawili walikufa. Wanane waliobaki, baada ya wiki tano nilipita kwake kwa visingizio vyangu, nikawakuta ndani ya banda la matete alilolijenga nyuma ya nyumba. Walikuwa weupe, wazito, kilemba chekundu, na yule wa mguu uliopinda alikuwa anawasukuma wenzake kwenye chombo cha chakula. Chakula chenyewe kilikuwa cha rangi ya kijivu. Hakikuwa cha kutoka Goma.

"Unazilisha nini?" nikauliza, nikitazama pembeni.

"Vintu ya hapa hapa tu, Mama."

Sikuuliza zaidi. Kuuliza mara ya pili ni kukubali kwamba hujui, na mimi ndiye mwalimu. Nikarudi nyumbani nikasugua sufuria moja mara tatu.

Basi aliwauza wale wanane, akaagiza vifaranga hamsini kwa Thierry, dereva wa pikipiki, bila kunipitia mimi. Kisha hamsini wengine. Nikaanza kumwonea wivu. Nalisema neno hilo kama lilivyo, silivalishi nguo. Nilijua siku anayobadilisha maranda kwa harufu iliyokuja na upepo. Niliwahesabu wateja waliokata kona kwenda kwake. Akinisalimia kwa heshima niliona ananidhihaki, na asiponisalimia niliona amevimba kichwa. Mama Euphrasie, mkubwa wa akina mama wa parokia, alinunua kuku kwake mara moja tu, akaja kuniambia dukani kwangu, mbele ya watu: "Za kwako ni muzuri, Mama Adrienne, lakini ziko na mayi-mayi. Za Kétsia, nyama inashika mufupa." Nikacheka naye. Alipotoka nilifunga duka saa sita ya mchana nikasema kichwa kinaniuma.

Lakini lililonimaliza ni jingine. Siku ya soko mgeni mmoja alisimama mbele ya mlango wangu, akamuuliza muuza ndizi: "Kwa Mama Kuku ni wapi?" Muuza ndizi huyo ananunua chumvi kwangu miaka yote. Akanyoosha kidole, na kidole kikapita juu ya kichwa changu, kikaelekea kwa Kétsia.

Mwaka huu Padri wetu alikuwa atimize miaka ishirini na mitano ya upadri. Komite ya jubile ilikaa mapema, na ikaniagiza mimi kuku mia moja ishirini. Mimi, si yeye. Nilitoka kwenye kikao kile nikitembea katikati ya barabara. Nilijiambia: parokia nzima itakula kwa mkono wangu, pamoja na wageni kutoka Walikale hadi Masisi, na baada ya hapo tuone nani ataelekeza kidole wapi. Nikaleta vifaranga mia moja sitini ili wengine wakifa nisipungukiwe.

Walipofika wiki mbili, barabara ya Goma ikafungwa. Hiyo si habari mpya kwetu, hufungwa na kufunguliwa, na hatuulizi tena ni nani. Paul alikuwa upande wa pili na lori lake, limejaa chakula cha kuku wangu.

"Vumilia, Adrienne," akaniambia kwenye simu. "Hata mutu ya miguu hapiti."

Mimi naweza kuvumilia. Kuku wa nyama hajui neno hilo. Aliumbwa ale, anone, achinjwe. Nikapunguza chakula nusu, kisha robo, kisha nikabaki na mahindi matupu. Mahindi yanajaza tumbo tu, hayajengi nyama. Wiki ya tatu kuku wangu walianza kudonoana hadi damu. Walikuwa na miguu mirefu na vifua vyembamba, na jubile ilikuwa baada ya wiki nne. Nikikosa, oda itakwenda kwa Kétsia, na jina litaifuata oda. Jina likishahama halirudi.

Kwake, barabara ilikuwa kama haijafungwa. Kuku wake sitini walikua mbele ya macho yangu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi sikutaka kumjua fundi. Nilitaka vizame.

"Si umuulize Kétsia?" akasema Paul kwenye simu.

Nikakata, nikamwambia kesho yake kwamba ni mtandao.

Badala ya kumuuliza, nilimwita Thierry. Huyu Thierry ni mtoto wa askari, alikulia kambini Kisangani, na Lingala ndiyo iliyomlea. Kiswahili chetu anakiongea kama mtu anayevuka daraja la miti. Nikamtuma apite kwenye kijito kilicho nyuma ya parokia, maana nilikuwa nimeambiwa Kétsia hushinda huko, aangalie anafanya nini na zile mbegu. Akarudi baada ya saa moja, macho yamemtoka.

"Nimemukuta, Mama. Iko nakaa pembeni ya mayi. Mbegu iko ndani ya kiroba, kiroba iko mu mayi, imefungwa na kamba ku muti. Na yeye kinywa inacheza-cheza pole pole."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza: dada, unafanya nini hapa? Njo anasema: mbegu inaloba. Siku tatu inaloba." Akashusha sauti. "Inaloba, Mama. Inasema. Kisha aliongeza kintu, lakini pikipiki yangu ilikuwa naunguruma, sikusikia vizuri."

Hapa lazima nisimame, nilieleze neno hili, kwa sababu ndilo lililonivua nguo. Kwa Lingala, koloba ni kusema. Thierry alisikia hivyo na sina la kumlaumu. Lakini kwa Kiswahili cha huku msituni, kuloba ni kulowa maji. Mtu akinyeshewa njiani husema "nimeloba", na mimi nimelisikia neno hilo mara elfu moja mlangoni kwangu kwa miaka kumi na minne. Nilikuwa na maana mbili mkononi. Wivu ukanichagulia moja.

Na tena, kwetu Butembo muhogo hatuulazi mtoni. Tunaurundika chini ya majani hadi uote ukungu, kisha tunauanika. Hawa wa Walikale, kama Kétsia, ndio wanaouzamisha ndani ya maji siku tatu hadi uchungu utoke. Kwa hiyo mimi kusikia kiroba kimefungwa majini hakukunikumbusha jikoni. Kulinikumbusha mizimu. Nikajua, yaani nikataka kujua, kwamba Kétsia anafanya mambo ya kimila ya babu zake pale kijitoni, na mbegu zinamjibu.

Nisingizie nini? Nilifurahi. Nilifurahi jinsi mtu anavyofurahi akipata ufunguo alioupoteza. Jioni ile ile, tukitoka kwenye Rosari ya akina mama, nikamvuta Mama Euphrasie pembeni.

"Sitaki kusema mabaya ya mutu," nikaanza, na kila anayeanza hivyo ana mabaya mfukoni. "Lakini wewe njo mukubwa wetu. Zile mbegu ya Kétsia, inasema. Anaipeleka mu mutoni inasema siku tatu, kisha njo analisha kuku."

Mama Euphrasie akajifanyia ishara ya msalaba. Kufika Jumapili hapakuwa na mtu aliyekata kona kwenda kwa Kétsia. Nilikaa mlangoni kwangu nikitazama ile njia tupu, na nilikunywa chai yangu pole pole.

Ila kuku wangu bado walikuwa na njaa, na umbea haulishi kuku. Nikawaza. Mbegu zinazosema zimewanenepesha kuku wa Kétsia, hilo nimeliona kwa macho yangu. Kama zake zinasema na mizimu, kwa nini zangu zisisali? Nikamtuma Thierry anitafutie mukuna kwa wakulima, akaniletea viroba vitatu. Nikavipanga stoo, nikawasha mshumaa, nikanyunyiza maji ya baraka, nikapiga magoti. Siku tatu. Rosari tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni. Magoti yalivimba. Katikati ya Salamu Maria nilikuwa nazisikiliza kidogo, kama labda zitajibu.

Siku ya nne nikazipeleka kwenye mashine ya kusaga, unga ukatoka kijivu kama ule wa Kétsia. Nikachanganya nusu kwa nusu na mahindi, maana nilikuwa na haraka. Kuku walikuja mbio kwa njaa, wakadonoa, wakatikisa vichwa, wakadonoa tena kwa sababu hapakuwa na kingine. Kesho yake chombo kilibaki kimejaa. Walisimama wamejikunja, manyoya wima, wanaharisha. Siku ya tatu niliokota kumi na moja asubuhi na ishirini mchana. Siku ya nne niliacha kuhesabu, niliwazika tu nyuma ya choo, majirani wasione. Lakini kuku mia moja wakinyamaza, kila mtu husikia.

Kétsia alikuja mwenyewe. Sikumwita. Alipita sokoni ambako watu walikuwa wanavuka upande wa pili wasikanyage alipokanyaga, akafika kwangu, akabisha hodi, akaingia bandani. Alichota unga kidogo kwenye chombo, akauweka ulimini, akatema mate.

"Hii haikuloba, Mama."

"Imeloba," nikasema. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kudanganya. "Siku tatu. Rosari tisa."

Akanitazama. "Rosari?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye mshumaa na maji ya baraka, alikalia gunia la maranda akaanza kucheka. Alicheka hadi machozi, akajifuta kwa kitenge, akacheka tena. Kisha akaacha kucheka, na nikaona kitu kinafika machoni pake pole pole.

"Basi watu wanasema mbegu yangu inasema," akasema. "Niliuliza wiki muzima: hii neno imetokea wapi? Njo wewe."

Nikaokota chombo cha maji nikaanza kukisugua.

"Pale mutoni nilikuwa naimba, Mama. Siku tatu kukaa mu baridi, mutu haimbi?"

Nilitaka anitukane. Ningeweza kumrudishia. Badala yake alisimama akanionyesha kazi yote, kwa sauti ile ile niliyokuwa namfundishia mimi. Unazipasua kwanza kwa jiwe. Unazizamisha ndani ya maji yanayotembea siku tatu, kama muhogo mchungu. Unazichemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, unamwaga tena. Unazianika hadi zikauke kabisa, ndipo unazitwanga. Na hata hapo, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya vingine: mahindi, mashudu ya mawese, samaki wakavu waliosagwa.

"Mama yangu njo alijua hii, mwaka ya njaa," akasema. "Sisi wenyewe tulikula. Kama unasahau mayi moja tu, inakulipa."

Alibeba unga wangu wote akaumwaga chooni, akarudi na mfuko wake uliokuwa tayari. Kwa wiki zilizobaki alikuja kila asubuhi. Kuku tisini walipona, wakashika nyama. Tisini, na komite ilitaka mia moja ishirini. Yeye alikuwa na sitini ambao hakuna mtu aliyethubutu kuwagusa.

Ni yeye aliyetoa wazo. "Kamata thelathini kwangu, uweke mu zako, upeleke kwa jina yako. Kuku haiandikwe jina ku mabawa."

Mnaona? Ningebaki Mama Kuku. Oda ingetimia, yeye angepata kuuza, na siri ingekufa pale bandani. Nilimwambia asante. Nililala nalo usiku kucha, na lilikuwa godoro zuri.

Komite ilikaa Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia kuhakikisha mambo. Padri alikuwepo, akina mama wote walikuwepo. Kétsia alisimama mlangoni, kwa sababu pale alipotaka kuketi wenzake walisogeza mikoba yao wakaijaza nafasi. Mimi niliposema kwamba kuku mia moja ishirini wako tayari, Mama Euphrasie alisimama.

"Tumushukuru Mungu," akasema, "kwa sababu Mama Adrienne ni mukristo wa kweli. Kuku zake hazikulishwa vintu vya kusemesha."

Wakanipigia makofi. Ukumbi mzima. Nilikuwa nimeyangojea makofi hayo miaka miwili, nikayangoja yaniingie, na niliwatazama wote isipokuwa mtu mmoja. Mwisho nikamtazama. Kétsia naye alikuwa anapiga makofi. Si kwa dhihaka. Alikuwa anapiga kwa nguvu, ili nisionekane mwongo.

Roho ilinikataa. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Kuku zilizosemeshwa ni za kwangu."

Mama Euphrasie akaketi.

"Mbegu ya Kétsia haisemi," nikasema. "Inaloba. Inalowa mu mayi, kama muhogo. Thierry alisikia Lingala, na mimi nilijua Kiswahili lakini nilikuwa na wivu. Ni mimi nililetea Mama Euphrasie ile neno. Kisha nikachukua mbegu yangu, nikaisalia Rosari siku tatu, nikalisha kuku, ikaua sabini. Na hawa thelathini njo za Kétsia."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mama Euphrasie aliutazama mkoba wake. Padri alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanamtikisika, na nilidhani analia.

"Mama Adrienne," akasema hatimaye. "Uliisalia mafumbo gani ya Rosari? Ya furaha ao ya uchungu?"

"Ya uchungu, Padri."

Basi ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Walicheka hadi wakashikana. Nami niliketi pale nimewaka masikio, na nilipoinua macho niliona mikoba imeondolewa kwenye benchi na Kétsia ameketi.

Siku ya jubile watu walikula wakalamba vidole. Tangu siku hiyo ukifika Kashebere ukauliza kwa Mama Kuku, hata mtoto mchanga atakupeleka kwa Kétsia Kasika. Ukiuliza kwa Mama Rosari, watakuleta kwangu, wakicheka njiani. Trésor amerudi kutoka Omate bila dhahabu, anampasulia mkewe mbegu. Wanawake wanapanga foleni kwake wafundishwe kuzamisha mukuna, na Mama Euphrasie ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Mnataka niseme wivu umekwisha? Haujakwisha. Jana tu niliona banda lake jipya la mabati, na chai ilinishinda kumeza.

Barabara ilipofunguliwa, vifaranga wa kwanza waliopita walikuwa wa kwake. Banda langu lilikuwa tupu, kwa sababu Paul alikuwa bado njiani. Kétsia alikuja na katoni yenye matundu, ameishika kwa mikono miwili.

"Kumi tu, Mama Adrienne," akasema. "Ya kuanzia."

Nikapokea. Nikapiga goti kidogo, sijui goti lilitoka wapi. Alipoondoka niliiweka katoni chini, nikafunga mlango, nikawatoa mmoja mmoja nikawakagua. Niliwanyoosha miguu. Nilizishika shingo. Nilifungua macho yao kwa kidole. Nilitafuta mguu mmoja uliopinda, mmoja tu, ningeshukuru. Nilirudia mara mbili. Wote kumi walikuwa wazima.